Gari likiumia, dereva anapoteza nini? Fizikia ya mwendo, kutoka Naivasha hadi Fukayosi

Jumapili ya tarehe 27 Juni 2021, Thierry Neuville alianza siku akiongoza Safari Rally kwa karibu dakika nzima. Kwenye mbio za magari dakika ni mtaji mkubwa. Kazi iliyobaki ilikuwa kuulinda tu mpaka mwisho. Lakini katika hatua ya kwanza ya siku hiyo, Loldia, karibu na Ziwa Naivasha, gurudumu lake la nyuma upande wa kulia lilivunjika kwenye mfumo wa shokapu. Akaikokota gari mpaka mwisho wa hatua, na mbio zake zikaishia hapo.

Aliyeshinda ni Sébastien Ogier. Na hapa ndipo habari inaponoga, kwa sababu siku mbili kabla, Ijumaa, Ogier naye alikuwa amefeli shokapu na kujikuta zaidi ya dakika mbili nyuma ya kinara. Kifaa ni kilekile, mmoja kilimtoa kabisa, mwingine kilimchelewesha tu na akaja kushinda.

Kwa hiyo swali letu la leo ni hili: gari likiumia, ni nini hasa kinachopungua mpaka dereva akawa mzito? Kwa nini bampa linaweza kung'oka lote na saa isibadilike, halafu kioo chenye ukungu kikakugharimu ushindi?

Jibu fupi ni kwamba gari lililoumia humpunguzia dereva vitu vitatu: mshiko wa tairi, nguvu ya injini, na uhakika wa kujua gari litafanya nini sekunde inayofuata. Watu wengi huhesabu viwili vya kwanza. Hicho cha tatu ndicho kinachokula muda mwingi, na ndicho kinachotuhusu sisi tusioshindana na mtu, tunaopita Makofia, Fukayosi na Kiwangwa kwenda Msata na gari la kawaida. Twende taratibu.

Kila kitu kinaanzia kwenye tairi

Gari lina uzito wa tani moja na zaidi, lakini linagusa ardhi kwa vipande vinne tu vya mpira, kila kimoja kikikaribia ukubwa wa kiganja. Kuongeza mwendo, kukata kona, kufunga breki: vyote vinapita hapo. Msuguano kati ya mpira na ardhi ndiyo bajeti nzima ya dereva. Ukitumia nyingi kwenye breki, inabaki kidogo kwa ajili ya kona.

Hebu tuweke namba. Mwendo wa juu kabisa wa kukata kona unategemea vitu viwili, yaani upana wa kona na mshiko. Chukua kona yenye nusu kipenyo cha mita 50 kwenye barabara ya vumbi, na tuseme mshiko ni 0.5 (maana yake tairi linaweza kusukuma pembeni kwa nguvu sawa na nusu ya uzito wa gari). Hesabu inatoa kilomita 56 kwa saa. Sasa gari limeumia na mshiko umeshuka kwa asilimia 20, umekuwa 0.4. Kona ileile sasa inataka kilomita 50 kwa saa. Ukilazimisha 56, gari linakwenda porini.

Umeona? Mshiko umepungua kwa asilimia 20, mwendo kwenye kona umepungua kwa asilimia 11 hivi. Hiyo ni kwa sababu mwendo unafuata kipeuo cha pili cha mshiko. Inaonekana kama nafuu, ila subiri tufike kwenye breki.

Umbali wa kusimama unafuata mraba wa mwendo. Gari lenye mshiko wa 0.5 likiwa kilomita 100 kwa saa linahitaji mita 79 kusimama tangu breki iliposhika. Lenye mshiko wa 0.4 linahitaji mita 98. Mita 19 za ziada si nyingi kwenye karatasi. Lakini jiulize: pale ambapo gari zima limeshasimama, lile bovu lina mwendo gani? Jibu ni kilomita 45 kwa saa. Bado linakwenda kasi ya daladala mjini. Na uwiano huo haubadiliki: ukipoteza asilimia 20 ya mshiko, mahali ulipopaswa kuwa umesimama utakuwa bado na asilimia 45 ya mwendo ulioanza nao, hata uwe ulianza na mwendo gani.

Kumbuka namba hiyo, tutairudia.

Shokapu: kifaa cha kuirudisha tairi chini

Wengi tunadhani shokapu ni ya kuwafanya abiria wakae raha. Raha ni faida ya pembeni. Kazi yake kubwa ni kulifanya tairi lisiachane na ardhi.

Springi peke yake ikibonyezwa hurudi, ikapitiliza, ikarudi tena. Inatunza nishati, haiitoi. Shokapu ndiyo inayoitoa: ndani kuna mafuta yanayolazimishwa kupita kwenye matundu madogo, na ile nguvu ya kurukaruka inageuka kuwa joto. Ndiyo maana shokapu za mbio zikifanya kazi kwenye mawe kwa muda mrefu huwaka moto kabisa, na mafuta yakichemka sana au sili ikipasuka, kazi inaisha.

Shokapu ikifa, gurudumu hubaki linadunda. Gurudumu la gari la kawaida hudunda lenyewe mara 10 mpaka 15 kwa sekunde. Tuchukue mara 12. Kwa kilomita 100 kwa saa gari linasafiri karibu mita 28 kila sekunde, kwa hiyo tairi linadunda mara moja kila baada ya mita mbili na kidogo. Kila linaponyanyuka, hata kwa sentimita moja, mshiko wake ni sifuri. Huwezi kufunga breki hewani, wala huwezi kukata kona hewani.

Hapo ndipo tunaelewa tofauti ya Ogier na Neuville. Shokapu iliyoacha kuzuia mdundo inakuacha na gari linaloyumba lakini lenye magurudumu manne mahali pake. Unapunguza mwendo, unapoteza dakika mbili, jioni mafundi wanabadilisha. Lakini mfumo ukivunjika mpaka gurudumu likakosa mahali pa kujishikia, hilo si suala la mwendo tena. Gari limebaki na miguu mitatu.

Kuna pia tairodi iliyopinda kwa kugonga jiwe. Magurudumu mawili ya mbele yanaangalia pande tofauti kidogo, kila moja linavuta kwake. Gari linageuka vizuri kushoto na vibaya kulia. Dereva analazimika kuendesha magari mawili kwa wakati mmoja: moja la kona za kushoto, moja la kona za kulia.

Bodi na upepo: jeraha kubwa kwa macho, dogo kwa saa

Mwaka 2023 Ogier alishinda tena Safari, safari hii kwa sekunde 6.7 tu mbele ya Kalle Rovanperä. Na alimaliza mbio hizo gari lake likiwa limeharibika nyuma, bawa halipo. Mtazamaji angesema huyu hatoboi. Mbona alitoboa?

Bawa linakandamiza gari chini kwa kutumia hewa, na mkandamizo huo unakua kwa mraba wa mwendo. Ukitoka kilomita 60 kwa saa kwenda 180, mwendo umezidi mara tatu lakini mkandamizo umezidi mara tisa. Maana yake kwenye njia nyembamba yenye mawe, unakokwenda taratibu, bawa halikupi kitu kikubwa, hivyo kulipoteza hakukuumizi sana. Kwenye mbuga ndefu iliyonyooka ndipo utalililia, maana sehemu ya nyuma inakuwa nyepesi. Gari la Formula 1, ambalo linaishi kwenye mwendo mkubwa, likivunja bawa la mbele kidogo tu huwa linakimbilia kwa mafundi.

Kwa hiyo ukubwa wa jeraha kwa macho haukuambii lolote. Bampa, mlango, taa: vyote vinaweza kubaki njiani. Bolti moja ya bolijointi ikilegea, umekwisha.

Injini: inaumia polepole na inakudai kwenye mnyooko

Adui mkubwa wa injini huku kwetu ni vumbi na joto. Injini ya lita 1.6 ikizunguka mara 6,000 kwa dakika inavuta kiasi cha lita 4,800 za hewa kila dakika, hata kabla ya kuongeza turbo. Kwenye hatua ya Kedong kuna udongo laini kama unga, madereva wanauita feshifeshi, na mwaka 2022 ulisumbua magari mengi. Chujio la hewa likijaa, injini inakosa pumzi. Rejeta ikizibwa na udongo au ikitobolewa na jiwe, injini inachemka, na kompyuta ya gari inapunguza nguvu yenyewe ili kuiokoa.

Lakini angalia hesabu yake. Kwenye mwendo mkubwa, nguvu nyingi inakwenda kupambana na upepo, na mahitaji hayo yanakua kwa mwendo mara tatu kwa wenyewe. Ukipoteza asilimia 10 ya nguvu, mwendo wa juu unapungua kwa asilimia 3 au 4 tu. Kona zinabaki vilevile, breki zinabaki vilevile. Inauma, hasa kupanda milima na kutoka kwenye kona, ila dereva anajua anaendesha nini. Gari lake ni lilelile, dhaifu kidogo.

Uhakika: kitu ambacho hakionekani kwenye orodha ya spea

Sasa turudi 2021. Jumamosi yake, mvua ilinyesha kwenye hatua ya Sleeping Warrior, na kioo cha mbele cha Ott Tänak kikajaa ukungu. Injini nzima, tairi nzima, shokapu nzima. Alilazimika kusimama kukifuta, akapoteza zaidi ya dakika moja. Mwisho wa mbio alikuwa wa tatu, nyuma ya Ogier kwa zaidi kidogo ya dakika moja. Fanya mwenyewe hiyo hesabu.

Dereva wa mbio haendeshi kwa kile anachokiona tu. Msoma ramani anamsomea kona kabla haijaonekana, na yeye anaamini mambo mawili: kwamba maelezo ni sahihi, na kwamba gari litajibu kama lilivyojibu jana. Ndiyo maana anaweza kuingia kona isiyoonekana kwa asilimia 98 ya uwezo wa gari. Gari likianza kutoa sauti ya ajabu upande wa nyuma, uwezo wake huenda umeshuka kwa asilimia 5 tu. Lakini yeye hajui kama ni 5 au 30. Kwa kuwa hajui, anajiwekea akiba. Anafunga breki mapema, anaingia taratibu, anasubiri aone gari linakwenda wapi ndipo akanyage mafuta.

Tuipige hesabu akiba hiyo. Hatua ya kilomita 20 kwa wastani wa kilomita 100 kwa saa inachukua dakika 12. Ukipunguza wastani kwa asilimia 5, unapoteza sekunde 38. Ukipunguza kwa asilimia 10, unapoteza sekunde 80. Ogier alishinda 2021 kwa sekunde 21.8 mbele ya Takamoto Katsuta. Kwa maneno mengine, wasiwasi wa hatua moja unaweza kuzidi tofauti ya mbio nzima.

Ndiyo maana madereva wazoefu wakipata tatizo hufanya kitu kinachofanana na majaribio ya maabara. Mahali palipo wazi wanafunga breki kidogo, wanatikisa usukani kushoto na kulia, wanasikiliza. Wanatafuta mpaka mpya wa gari. Wakishaupata, mwendo unarudi, hata kama kifaa bado kibovu. Gari bovu linaloeleweka lina kasi kuliko gari linalotia shaka.

Usimame au uendelee?

Pancha ndiyo mfano mzuri wa uamuzi huu. Kubadilisha tairi ndani ya hatua kunachukua kama dakika mbili kwa watu wenye mazoezi. Tuseme kwa tairi bovu unaweza kwenda kilomita 60 kwa saa badala ya 100. Kila kilomita itakuchukua sekunde 60 badala ya 36, yaani unapoteza sekunde 24 kwa kilomita. Gawanya 120 kwa 24, unapata 5. Zikibaki chini ya kilomita tano, endelea nalo. Zikizidi, simama utoe jeki. Mwaka 2022 pancha kwenye Kedong ilimgharimu Ogier zaidi ya dakika mbili wakati akiongoza, na akamaliza wa nne.

Dunia nzima iliiona hesabu hii tarehe 2 Agosti 2020 kwenye uwanja wa Silverstone, Uingereza. Valtteri Bottas, aliyekuwa wa pili, alipata pancha mwanzoni mwa mzunguko, akalazimika kuuzunguka karibu wote akiwa na tairi bovu. Alimaliza wa 11. Lewis Hamilton, timu ileile, gari lilelile, alipata pancha katikati ya mzunguko wa mwisho kabisa. Alikuwa mbele ya Max Verstappen kwa sekunde 30 na ushee, akavuka mstari akiwa mbele kwa chini ya sekunde sita, na akashinda. Jeraha ni lilelile, umbali uliobaki ndio uliotofautiana.

Na kuna swali la pili ambalo saa haiwezi kulijibu: je, nikiendelea, hiki kitaharibu na kile? Tairi lililochanika hupiga bodi na kukata mipira ya breki. Shokapu iliyokufa huachia mizigo kwenye bushi na bolijointi. Kwenye rally mafundi hawaruhusiwi kuligusa gari kati ya hatua, ni dereva na msoma ramani peke yao kwa vifaa walivyobeba, na kila dakika ya kuchelewa kwenye kituo ni adhabu ya sekunde 10. Mwaka 2021 magari mengi makubwa yaliumia, na Onkar Rai wa Kenya akiwa na gari la daraja la chini akamaliza wa saba duniani. Wakati mwingine kasi kubwa kuliko zote ni ya gari lililofika.

Na sisi wa Fukayosi je?

Wapenzi wa mchezo huu huku Pwani wanajua kwamba njia za vumbi za Bagamoyo nazo zimepokea mbio za magari. Lakini wengi wetu tukipita Fukayosi tumebeba abiria, mananasi au mbao. Upande mmoja lami ya kwenda Msata, upande mwingine njia za udongo zinazoingia vijijini, zenye mashimo na mawimbi madogo kama bati. Gari moja linatumika kote kuwili. Udongo unalichosha, lami inalipa kasi.

Na hapa ndipo tofauti yetu na Neuville inapotisha. Gari lake liliumia kwa sekunde moja, akajua hapohapo, akapunguza. Gari letu linaumia kwa miezi minane. Shokapu inavuja tone kwa tone, tairi linaisha milimita kwa milimita, usukani unavuta kushoto leo kidogo, mwezi ujao kidogo zaidi. Kila asubuhi gari linafanana na jana yake. Mikono inazoea. Kwa hiyo kile kitu cha tatu, uhakika, sisi hakipungui hata kidogo. Mshiko umeshuka, imani iko palepale, na mwendo uko palepale. Dereva wa mbio anapoteza mwendo kwa sababu anaogopa asichokijua. Sisi hatupotezi mwendo kwa sababu hatujui kwamba kuna cha kuogopa.

Sasa ile namba tuliyosema tutairudia. Unaingia kijijini kwa kilomita 50 kwa saa, mwendo halali, lami kavu yenye mshiko wa 0.7. Mtoto anakatiza. Gari zima linasimama ndani ya mita 14 baada ya breki kushika. Lako lenye mshiko pungufu kwa asilimia 20, pale mita ya 14 bado lina kilomita 22 kwa saa. Ukiwa ulikuja na 80, pale ulipopaswa kuwa umesimama utapita na kilomita 36 kwa saa. Hujavunja taa, hukunywa pombe, hukuwa na simu mkononi. Ulikuwa na shokapu na tairi za mwaka juzi.

Dawa yake ni kufanya kwa makusudi kile ambacho dereva wa mbio anafanya akiwa na wasiwasi: tafuta mpaka mpya wa gari lako kabla barabara haijakutafutia. Bonyeza bodi juu ya kila gurudumu kisha uachie. Likirudi na kutulia, sawa. Likiendelea kunesa mara mbili tatu, shokapu imekwisha. Angalia kama kuna mafuta yaliyolowanisha shokapu. Pitisha kiganja kwenye tairi uone kama limelika upande mmoja, maana hiyo ni alaimenti au bushi. Mahali palipo wazi na salama, kwa mwendo mdogo, funga breki uone kama gari linakwenda mstari ulionyooka. Na mara moja moja mpe mtu mwingine mwenye leseni aendeshe gari lako. Mikono yake haijalizoea, itasikia ambacho yako iliacha kusikia zamani.

Kama bado hujapata hela ya spea, basi hesabu zetu zina jibu la bure: punguza mwendo kwa asilimia 11 na umbali wako wa kusimama unarudi kama wa gari zima. Badala ya 80 nenda 71. Kutoka Bagamoyo mpaka Msata, kilomita 64, utachelewa dakika sita. Ogier alichelewa mbili, akashinda.